Siku Niliyopika Mbegu za Fiwi

Assalaam aleikum, na ndugu zetu Wakristo amani iwe kwenu. Mwenyekiti ametaka kila mwanachama mpya asimame aeleze kilichomleta kwenye kikundi hiki cha mbegu. Mimi nimezoea kubeba, sijazoea kuongea, kwa hiyo mtanivumilia. Mke wangu amekaa pale nyuma. Nimemwomba ruhusa kabla ya kuja hapa mbele, maana habari hii ni yake kuliko yangu.

Nilikuwa kuli Kariakoo. Miaka mingi nimeshusha magunia kwenye maghala ya nafaka, mchele, choroko, maharage ya kila rangi. Nyumbani tunapanga Magomeni, na uani kwetu kuna ukuta mrefu. Ukutani hapo mke wangu aliotesha fiwi. Vijana huenda hamzijui siku hizi. Ni jamii ya maharage, zinatambaa, na punje yake ina mstari mweupe pembeni kama kope. Unazichemsha, unamwaga maji ya kwanza, halafu unaziunga kwa nazi. Mbegu alipewa na mama yake, Kisarawe, na yule mama alipewa na mama yake. Zilikuwa aina mbili, nyeusi na nyeupe.

Mimi nilikuwa nazicheka. Nilimwambia, "Nashinda ndani ya maharage mchana kutwa, wewe unahangaika na majani ya ukutani?"

Yeye alinijibu, "Hayo unayobeba ni ya watu. Haya ni yetu."

Siku moja niliteleza kwenye ubao wa kupandia lori, gunia likiwa mgongoni. Likaniangukia. Wenzangu walinibeba mpaka hospitali, nikalala huko wiki kadhaa, na daktari akanieleza waziwazi kwamba kazi ya kubeba imekwisha. Nilirudi nyumbani nikitembelea fimbo. Ndugu zangu, mwanaume aliyezoea kuitwa kwa nguvu zake, siku nguvu zikiondoka hajui aitikie nini. Nikawa mtu wa hasira. Wenzangu wa kazini walikuja kunijulia hali, nikamtuma binti yangu awaambie nimelala. Jirani yetu, mama mmoja wa Kilimanjaro, alileta uji, nikamwambia hatujafikia hali ya kulishwa. Hakurudi tena.

Tuliishi kwa vitumbua vya mke wangu na zile fiwi nilizokuwa nazicheka.

Kiangazi kile mama mkwe akazidiwa. Alikuwa ameugua muda mrefu, shamba lake limeshakuwa kichaka. Mke wangu akaenda kumuuguza. Wakati anaondoka alinionyesha chupa ya plastiki juu ya kabati, mbegu zimechanganywa na majivu zisibunguliwe. Ukutani mimea yote ilikuwa imekauka, tunangoja mvua. Aliniambia, "Hii usiiguse. Kule kwa mama hakuna hata punje."

Alikaa kule kuliko tulivyotarajia. Unga ukaisha. Siku ya pili watoto walikunywa chai kavu wakaenda shule, wakarudi wakakaa kimya. Watoto wakikaa kimya hivyo, we mzazi unasikia vibaya kuliko wakilia. Mlango wa jirani ulikuwa hatua chache tu. Wenzangu Kariakoo walikuwa simu moja tu. Sikugonga, wala sikupiga.

Nikashusha ile chupa. Nikapepeta majivu, nikaosha, nikabandika. Watoto walikula vizuri. Mimi nilikula pia, na siwadanganyi, zilikuwa tamu.

Mchana wa siku iliyofuata mke wangu akaingia na kanga ya msiba. Mama yake alikuwa amezikwa. Sikupigiwa, kwa sababu simu yangu nilikuwa nimeizima nisisumbuliwe na watu. Alivua viatu, akatazama juu ya kabati.

"Chupa iko wapi?"

"Nimepika."

"Umepika zote?"

"Watoto walikuwa na njaa."

Hakupiga kelele. Alikaa sakafuni, akasema, "Mama nimemzika jana. Leo umenizikia na hizi." Basi. Akainuka akaenda kuwasha jiko.

Nilianza kutafuta kesho yake. Nilikwenda na fimbo yangu Kariakoo, duka kwa duka, kwa watu walionijua nikiwa na nguvu. Wengine walinikumbatia, wakaniuliza kwa nini nilijificha. Fiwi zilikuwepo, lakini za aina nyingine, kubwa za hudhurungi. Nikaenda masoko mengine, siku kadhaa. Mwisho mama mmoja muuza mbogamboga pale Magomeni akaniambia, "Mkeo aligawa miche mwaka juzi. Muulize jirani yako, yule Mchaga. Kwao wanaziita ngwara."

Ndugu zangu, nawaambia, safari ya Kariakoo kwa fimbo ilikuwa nyepesi. Kutoka mlango wangu kwenda mlango wake ndiko nilikotoka jasho. Nikagonga. Nikasema, "Dada, nilikukosea siku ile ya uji. Na juzijuzi nimemkosea mke wangu zaidi." Nikamweleza yote.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Shemeji, watoto walilala na njaa nami nipo hapa?" Macho yake yakajaa maji. Akaingia ndani, akatoka na karatasi. Zilikuwa punje kumi na moja, nyeusi.

Nilimpa mke wangu. Alizihesabu, akalia kwa mara ya kwanza tangu arudi. Tulizipanda pamoja mvua za kwanza. Tisa ziliota.

Sasa ukuta umejaa, na mimi nimejaza viroba vya udongo uani, kazi ambayo mgongo wangu unaimudu. Tunakula, tunagawa. Lakini ile nyeupe haijapatikana. Ilifia kwenye sufuria yangu, na mke wangu amenisamehe bila kusema kwamba haidhuru. Inadhuru.

Namshukuru yeye kwanza. Namshukuru jirani yangu, wenzangu wa ghalani, yule mama wa mbogamboga, na nyinyi mliotufundisha kuweka mbegu kwenye nyumba zaidi ya moja.

Neno langu ni dogo. Siku hizo njaa haikuniponza. Kilichoniponza ni kunyamaza. Ukijikuta unaitazama mbegu kwa jicho la chakula, funga chupa, toka nje, kagonge mlango wa mtu. Kama mlango wenyewe ni wangu, gonga kwa nguvu, maana natembea taratibu. Lakini nitafungua.