Barua ya Chebet Niliyoificha kwa Wivu

Sifa zote zimwendee Mungu wetu, ndugu zangu! Naitwa Rael, mke wa mkulima wa chai hapa Kimulot, na leo nasimama kutoa aibu yangu mbele yenu.

Mnajua sikujaliwa mtoto. Mama Chebet, mke wa mdogo wa mume wangu, alikuwa na watano. Tulichuma chai pamoja, na kila mtoto wake aliyetuletea maji shambani alinichoma moyo. Niliimba kwaya nikiwa na wivu huo.

Mwaka wa tisini na mbili uvimbe ukanitoka shingoni, mkubwa kama yai la bata. Akina mama wakanihurumia, nami nikafurahia kutazamwa. Kisha Chebet, aliyekuwa na miaka kumi na mmoja, akatokwa na wake, mdogo kama punje ya hindi. Tukaenda sote watatu hospitali ya misheni.

Daktari alinishika shingo akaniambia nimeze maji. Akauliza kama sauti imekwaruza, na kama kwetu kuna mwingine mwenye shida hiyo. Kwa Chebet alikaa sana, akampapasa mpaka kando ya shingo. Mimi na Chebet tulipigwa picha za shingo, tukachomwa sindano nyembamba ili kinachotoka kikapimwe.

Nilikasirika, ndugu zangu. Niliuliza mbona mwenye uvimbe mdogo ndiye anashughulikiwa zaidi. Daktari akanieleza kwa upole kwamba ukubwa si hoja: watoto hupata uvimbe huo mara chache, lakini wakiupata, hofu ya saratani ni kubwa kuliko kwetu watu wazima. Na wa Chebet ulikuwa mgumu. Mimi nilisikia jambo moja tu, kwamba hata kwa ugonjwa mama Chebet amenipita.

Siku ya majibu nilienda peke yangu, kwa sababu mama Chebet alikuwa amejifungua wa sita. Mimi sikuwa na saratani. Nesi akanipa barua ya kumpelekea mama Chebet, akasema, "Mwambie amlete mtoto wiki hii. Asikawie."

Niliificha chini ya godoro. Mama Chebet aliponiuliza, nilisema majibu yao hayajatoka. Siku tisa!

Siku ya kumi Chebet alinikuta nikichuma chai, akanigusa shingo. "Mama mkubwa, mimi nakuombea kila siku uvimbe wako uishe. Wangu hauna shida, hauumi."

Niliacha kikapu pale pale, nikaichukua ile barua, nikampigia mama Chebet magoti nikikiri yote. Alisoma. Kisha akaniwekea mtoto mchanga mikononi.

"Mbebe huyu," akasema. "Mimi nitamshika Chebet. Twende."

Ilikuwa saratani kweli. Chebet alipelekwa Nairobi akapasuliwa, tezi yote ya shingoni ikatolewa. Leo anameza kidonge cha kufanya kazi ya tezi hiyo kila asubuhi, na ndiye yule pale katikati ya vijana. Asante Yesu!

Mama yake hakunisamehe siku ile. Ilichukua mwaka mzima, na sikumlaumu. Lakini Mungu alinifungua mapema, njiani kwenda hospitali, nikiwa nimekumbatia mtoto wa mwanamke niliyemchukia.

Ndugu yangu, kama wivu umekufunga mdomo, mtegemee Yesu, anatupokea hata sisi. Lakini usingoje nimalize kusema. Inuka sasa hivi, umwendee mwenzako umwambie.