Kiti cha Umma

Treni ya asubuhi ilijaa hadi mlangoni. Nilikaa dirishani, na cherehani yangu ikajitwalia kiti cha pili. Mbele yangu walisimama wazee wawili wasiojuana, wakibishana kama mawifi.

"Mapinduzi huanzia kiwandani!" alinguruma fundi wa kuchomelea. "Nimesomea Urusi mimi, usinidanganye, bibie."

"Nami nimesomea kilimo China," alijibu bibi mwenye gunia la mbegu. "Kule yalianzia shambani, shemeji. Huyo mfanyakazi wako angeinua nyundo kwa tumbo tupu?"

"Mkulima ana kashamba kake. Huyo ni bepari mchanga!"

Behewa zima liliangua kicheko, nami nikacheka mpaka machozi. Kosa langu. Wote wawili wakanigeukia.

"Cherehani yake mwenyewe, na viti viwili," bibi alisema. "Huyu ndiye bwanyenye."

"Hapo umenena!" alisema fundi, wakapeana mikono.

Nikaipakata cherehani upesi. Mapinduzi yameshinda, kiti ki wazi!

"Akae mfanyakazi," fundi akasema.

"Thubutu! Akae mkulima."

Tulifika kituo cha mwisho wangali wamesimama, kiti kitupu, na mapaja yangu yamekufa ganzi kwa ajili ya umma.