Kompyuta ya Guled

Mama aliyekaa mbele yangu alikuwa ameipakata kompyuta tangu tutoke stendi ya Garissa. Jirani yake, Musyoka, fundi anayerudi Nairobi, alimuuliza ina shida gani.

"Hii tundu mbili ya USB imekufa," alisema. "Guled, mtoto yangu, Mungu alichukua. Picha yake iko kwa kamera, na waya ya kamera inaingia hapa tu."

"Kibodi na mausi, zile za tundu za duara, zinafanya kazi?"

"Inafanya."

"Basi bodi si mbovu yote. Iliingia maji?"

"Maji wapi! Mimi nafunika na shuka. Kila Alhamisi jioni nawasha, nafukiza na uunsi, kama nguo yake."

Uunsi ni ubani wa Kisomali unaopikwa kwa sukari na marashi, na moshi wake hunata hata ukutani. Mimi nisiyejua kompyuta nilielewa. Musyoka alichokoa tundu kwa njiti ya kiberiti. Ikatoka nyeusi, inanata. Akaificha mfukoni.

"Ni vumbi, mama."

"Vumbi? Warya, nyumba yangu haina vumbi!"

"La Garissa huingia tu, mama."

Alimgombeza hadi daraja la Tana. Sijawahi kuona fundi akitukanwa akashukuru.

Basi likasimama kwenye kizuizi cha barabarani. Askari akamwashiria mama ashuke na kitambulisho. Mimi na Musyoka hakututazama. Mama akamwekea fundi kompyuta mapajani.

"Shika vizuri," akasema. "Usiweke chini. Chini ndiyo kuna vumbi."