Nakamarra, Mshuku Magoti

Ijumaa hii, tarehe 14 Juni, mama yetu Rosslyn Nakamarra anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya kuchoma watoto sindano katika kliniki yetu. Ndivyo anavyosema yeye. Mimi bado sijaamini.

Kushuku nimejifunza kwake. Watoto wa jangwa letu huanza na maumivu ya koo au vidonda vya ngozi, kisha goti linavimba kwa homa ya baridi yabisi, na homa hiyo ikirudiarudia inatafuna valvu za moyo. Kinga ni penisilini kila baada ya siku ishirini na nane, tena takoni. Basi Nakamarra hakumwamini mtoto yeyote anayechechemea. "Umeanguka mpirani? Mpira gani, na wiki nzima kuna msiba?" Alipoanza, orodha ya watoto wa sindano ilijaa kurasa mbili. Mwaka huu halijaongezeka jina hata moja.

Aliyempiga chenga ni mmoja tu: mimi, dereva bora wa kliniki hii (anayebisha atembee kwa miguu). Nilihamia kwa bibi nikiwa na miaka kumi na miwili, tayari nimo kwenye orodha ya sindano. Muuguzi mwingine alikuwa likizo, nami nikamwambia Nakamarra ukoo wangu ni Jangala, yaani kwa mila zetu, hata kabla sijaoa, yeye ni mama mkwe wangu: asinitazame, asinisemeshe, seuze kunishusha suruali. Akajifunika uso, akatokea mlango wa nyuma. Nilijiona profesa.

Mwezi haukuisha, magoti yangu yakawa maboga. Nakamarra akaja kwa bibi, na kwa kuwa mkwe ni mkwe hata ukimshuku, akasimama nyuma ya tangi la maji, kanipa mgongo.

"Mama, huyo Jangala wako kazaliwa na nani?"

"Jangala? Huyo Jungarrayi!" bibi akang'aka. " Kiukoo ni mwanao kabisa. Mchape!"

Hospitalini mjini Alice Springs daktari alikuta valvu moja ya moyo wangu inavuja. Ningekosa sindano mbili zaidi, ningepasuliwa kifua. Tangu hapo, miaka tisa, Nakamarra hakuniacha hata mara moja. Alinifuata hadi juu ya mti nikisaka kenge.

Sasa mashaka yangu. Alipaswa kuondoka Krismasi. Akasingizia goti. Halafu mvua. Halafu ati anasubiri kabati jipya. Shule sikumaliza, lakini ishirini na nane naijua kuihesabu: Ijumaa hii ndiyo sindano ya mwisho daktari aliyoniandikia. Mama, umekamatwa.

Suruali nitaishusha mwenyewe, bila habari za ukwe. Asante kwa moyo huu, maana unadunda kwa ajili yako. Tunakutakia maisha mema, na mkia wa kangaruu usikose motoni pako. Ukimwona mtoto anachechemea mbele ya nyumba yako, piga kelele tu. Nitakuja na gari.