Nashoni Mahende na Chuma cha Lango la Baba

Marehemu Nashoni Mahende alizaliwa Nyambureti tarehe 3 Mei 1931, mtoto wa kwanza wa Mzee Mahende na mama yetu Dorka. Mimi ninayewasomea ni Hezekia, mdogo wake. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akajifunza ufundi wa magari Musoma. Mwaka 1956 alifunga ndoa na Efrazia, wakajaliwa watoto watano.

Mwaka 1974 tulihama Nyambureti tukaja hapa Mbalibali, tukaacha mahame, boma letu la zamani, na kaburi la baba kando ya lango la zizi. Mwaka uliofuata, chasisi ya stesheni wagoni ya kijiji, inayopeleka wagonjwa hospitali ya Mugumu, ilipasuka katikati. Vipuri havikuwepo. Marehemu alikwenda mahame, akang'oa chuma cha lango, akakitoboa kwa keekee uani kwake, akakifunga chini ya gari kwa bolti nane, ili kifunguliwe kila giaboksi ikitaka kushushwa. Shangazi Nyangi alimfokea.

"Lango la mtu halitolewi, Nashoni! Mwenyewe aliyelala pale atapita wapi?"

"Nitakirudisha, shangazi. Wagonjwa kwanza."

Tangu hapo wagonjwa walikuwa wakiuliza, "Yule mzee wa koti la kaki tuliyekaa naye nyuma, mbona ameshuka njia panda ya Nyambureti bila kuaga?" Koti hilo tulimzika nalo baba mwaka 1959. Hakuwahi kupanda gari maishani, na marehemu alitutania kwamba mzee ameonja, sasa hataki tena kutembea. Simoni, dereva wa kijiji, hakucheka. Aligeuza kioo cha nyuma kikatazama paa.

Januari 1978 marehemu aliugua homa ya mapafu. Tarehe 19, akiogopa kufa kabla ya kutimiza ahadi, alituagiza tufungue chuma tukirudishe. Tulikuwa tumetoa bolti ya mwisho alipoletwa Boke, mwanamke wa hapa kijijini, uchungu umemshika tangu jana, mtoto amekaa vibaya.

"Kifungeni," kaka alisema. "Mpelekeni."

Tulimsihi kaka apande naye. Alikataa, akasema Boke anahitaji nafasi ya kulala. Nilikaza nati huku nalia.

Saa kumi jioni gari lilirudi. Boke alikuwa amejifungua salama, lakini Simoni alishuka akiangaza uani.

"Leo yule mzee hajashuka njia panda. Nimekuja naye mpaka hapa. Hamjamwona akiingia?"

Ndani, Efrazia alituambia mumewe amekata roho sasa hivi. Kabla ya kufa, marehemu alijisogeza ukutani, kama anayempisha mtu akae kitandani.

Ameacha mjane, watoto watano, shangazi na mimi. Efrazia ameniagiza nitamke wazi: chuma kinabaki garini mpaka kijiji kipate gari jingine. Baba, utuvumilie. Mwanao umeshamchukua.

Kaka yangu, pumzika kwa amani.