Eustadia wa Bango la Tausi

Baba Paroko, wazee wa ukoo wa Ngollo, wazee wa ukoo wa Shilinde mliotoka Kigwa, viongozi wa chama na serikali, majirani wa Kanyenye na Ipuli, walimu wa kisomo na ndugu wote mliokuja kulia nasi, naomba tutulie. Mimi ni Modest Ngollo, mdogo wake marehemu Alois Ngollo, kwa hiyo aliyelala mbele yetu ni shemeji yangu. Najua wengi mkiniona nimesimama mbele ya watu mnajiandaa kucheka, maana tangu ujana mmenizoea jukwaani nikiwa na mto tumboni na masizi usoni, ila leo nasoma, na sitaongeza neno ambalo halimo kwenye karatasi.

Mmeliona lori la Kijiji cha Kigwa pale barabarani. Lilikuja jana Jumatano asubuhi na kaka wa marehemu, Mihayo Shilinde, naye hakuja kuzika, alikuja kumchukua dada yake akazikwe kwao, kwa hoja ambayo hakuna mzee wa upande wetu aliyeweza kuijibu, kwamba mahari ya dada yake haikuliwa Kigwa hata siku moja, na mwanamke ambaye mahari yake haikuliwa ni binti wa baba yake mpaka kaburini. Alisimama nje ya chumba cha maiti pale Kitete akasema, "Nyie mlileta kopo la sigara, na reli nzima inasema dada yangu alinunuliwa kwa kopo. Nimwache kwenu kama nani?" Tukamwomba jambo moja tu, kwamba historia ya marehemu iandikwe kama ilivyokuwa, asomewe yeye kwanza, kisha aamue, naye akakubali. Historia yenyewe ndiyo hii.

Marehemu Eustadia alizaliwa Kigwa tarehe 3 Machi 1940, mtoto wa kwanza wa Mzee Shilinde, mkulima na katekista, na mama Bernadeta. Kabla reli haijapita Kigwa ilipita njia ya misafara, na kila nyumba ya Kigwa ina mtu wake aliyeondoka na njia ile asirudi. Katika nyumba ya Mzee Shilinde mtu huyo alikuwa shangazi yake, ambaye akiwa msichana alisifiwa uzuri na mtu wa msafara, akapewa upande wa kitambaa cha merikani, akaupokea mbele ya watu kwa mikono miwili kama alivyofunzwa, na jioni mtu yule akasema amekwisha kumlipia, msafara ukaondoka naye, hakuonekana tena. Mzee Shilinde alilelewa na habari hiyo, na wanawe pia aliwalea nayo.

Marehemu alianza shule ya misheni hapo hapo Kigwa mwaka 1948, akaendelea na shule ya kati ya wasichana hapa Tabora mjini, akamaliza mwaka 1955. Baba yake alitaka awe mwalimu, nafasi ikakosekana, na mwaka 1957 akapata kazi ya cherehani Kanyenye, kwa Bibi Zamda, ambaye yuko nasi hapa, aliyemfundisha kukata gauni, kupima mabega ya mtu kwa macho, na kumwambia mteja mkorofi "njoo kesho" kwa sauti inayomfanya aondoke akishukuru.

Mwezi Februari 1960 kampuni moja ya sigara ilileta gari la sinema katika Jimbo la Magharibi. Mabwana wa matangazo walikuwa wamekwisha kugundua kwamba kijana hanunui sigara kwa ajili ya kifua chake, anainunua kwa ajili ya macho ya msichana, kwa hiyo sigara zao za Tausi walizileta ndani ya kopo la duara lililofungwa utepe mwekundu, na pembeni yake kiberiti cha petroli na kisahani cha majivu kilichochorwa moyo, zawadi ya Krismasi, zawadi ya Idi, zawadi ya uchumba. Kabla ya sinema palichezwa mchezo mfupi juu ya jukwaa la mbao nyuma ya gari, na wachezaji tulioajiriwa hapa mjini tulikuwa watatu. Eustadia alikuwa msichana anayeposwa, kaka yangu Alois, ambaye ndiye aliyekuwa dereva, alikuwa mchumba mwenye bahati, na mimi nilikuwa wachumba wote wasio na bahati. Nilikuja na kuku, akanikataa, nikarudi na kanga, akanikataa, nikarudi na baiskeli ya kuazima, akaipiga kengele mara moja, akanikataa, ndipo Alois akatokea na suti nyeupe ya kampuni, akapiga goti, akatoa kopo la Tausi, naye akalipokea kwa mikono miwili akasema, "Nimekubali," na muziki ukalia. Bila kutia chumvi, hakuna mwanamume katika Reli ya Kati aliyekataliwa na mwanamke mmoja mara nyingi kama mimi, na hata wiki iliyopita wodini, sauti ikiwa imekwisha kushuka, aliponiona mlangoni alisema, "Shemeji Kuku, leo umeniletea nini?"

Mwanzoni mwa mwaka 1961 alipigwa picha ya bango la bati, akiwa ameshika kopo kwa mikono yote miwili na kutabasamu, chini yake maandishi, "Tausi, Zawadi ya Moyo," na bango hilo likapigiliwa kwenye maduka ya stesheni kutoka Itigi hadi Urambo. Sigara yenyewe marehemu hakuivuta hata siku moja.

Tarehe 26 Agosti 1961, siku ya Jumamosi, gari lilifika Kigwa, kwao. Mzee Shilinde aliletewa kigoda akakaa mbele kabisa, akanitazama nikikataliwa na kuku wangu, na kanga yangu, na baiskeli yangu, akacheka mpaka akafuta machozi. Alois alipopiga goti na kulitoa kopo, mzee aliacha kucheka, akasimama, akauliza kwa Kinyamwezi, kwa sauti ya katekista isiyohitaji kipaza sauti, "Kijana, wewe wa ukoo gani? Mshenga wako yuko wapi? Nani amekuruhusu kumpa mwanangu kitu mbele za watu?" Watu wakadhani ni sehemu ya mchezo, wakapiga makofi, na mama mmoja akapaza sauti, "Mjibu mkweo, suti nyeupe!" Alois aliyajua maneno ya karatasi tu, akanigeukia mimi, na mimi nilikuwa na kuku. Bwana wa kampuni alitoa mkono dirishani, akaashiria kopo lipokelewe mchezo umalizike. Marehemu alimtazama baba yake, akaiweka mikono yake nyuma ya mgongo, akasema, "Mimi sina jibu hapa. Jibu langu liko kwa baba. Mlete mshenga."

Nayasema haya nikiwa shahidi niliyekuwa juu ya jukwaa, kwamba siku ile Kigwa kopo halikupokelewa. Muziki haukulia, kopo likarudi garini, na marehemu akafukuzwa kazi papo hapo, akavuliwa gauni la kampuni nyuma ya gari, akaenda nyumbani kwao amejitanda kanga ile ile ya mchezo, kanga niliyokuwa nikimpa kila siku akiikataa.

Alois naye aliacha kazi mwezi uliofuata. Tulipopata Uhuru mwezi Desemba alikuwa anaendesha lori la ushirika, na mwaka 1962 mjomba wetu alitumwa Kigwa kumposea Alois, kama mshenga wa kweli, na kila kinachotakiwa, lakini bango lilikuwa limekwisha kumtangulia, limepigiliwa kwenye duka la stesheni, katika njia ambayo Mzee Shilinde aliipita kila Jumapili akienda kanisani. Mzee alimwambia mjomba, "Maneno ya mwanangu niliyasikia siku moja, hii picha naiona kila wiki, na kila anayeshuka kwenye treni anaiona. Nikila mahari yenu watasema nimekula masalia ya kopo." Mjomba alirudishwa na vitu vyake, akaenda tena mwaka uliofuata, akarudishwa tena. Ndoa ilifungwa hapa Tabora siku ya Jumamosi, tarehe 20 Julai 1963, na bibi arusi aliingia kanisani ameshikwa mkono na Bibi Zamda, Mwislamu, kwa sababu hakuna mtu wa Kigwa aliyeonekana ndani ya kanisa. Mungu aliwajalia watoto wawili, Tekla aliyezaliwa mwaka 1964 na Pelagia aliyezaliwa mwaka 1967. Mzee Shilinde alifariki tarehe 11 Oktoba 1969, na mpaka siku hiyo hakuwa amepokea kutoka kwetu hata jembe.

Mwaka 1974, Kigwa ilipopangwa kuwa kijiji cha ujamaa, marehemu alikwenda huko kumtunza mama yake na kufundisha kisomo cha watu wazima, na Alois akimtembelea kila lori lilipopita. Duka la stesheni lilikuwa sasa duka la kijiji, na mwenyekiti alitaka bati la bango likaezeke choo cha shule. Marehemu aliliomba. Akalilaza kifudifudi juu ya nyasi, uso wake ukatazama chini, akaupaka mgongo wake masizi ya chungu na unga wa betri kuukuu, na darasa ambalo lilikuwa likiandika kwenye vumbi likapata ubao. Kwa miaka sita watu wa Kigwa walijifunza kusoma kwenye mgongo wa bango lile, akina mama wenye watoto mgongoni, wazee wenye miwani ya kupokezana, na yeye Mihayo, aliyekuwa akiweka kidole gumba kwenye kila karatasi, hapo ndipo alipoandika jina lake kwa mara ya kwanza. Mtu alipomtania marehemu kuhusu upande wa pili, alijibu, "Kule mbele walinipa neno moja la kusema. Huku nyuma nasema yangu."

Alois alifariki tarehe 5 Mei 1979 kwa ugonjwa wa kifua, kwa sababu kampuni ilikuwa ikimpa sigara juu ya mshahara, naye alizivuta kwa kuwa zilikuwa za bure, akashindwa kuziacha zilipokuwa za kununua. Tulimzika hapa Ipuli. Marehemu alianza kusumbuliwa na presha mwaka 1980, akarudi mjini kwa binti zake, na tarehe 2 Septemba mwaka huu alianguka jikoni akapelekwa hospitali ya Kitete, ambako alifariki siku ya Jumanne tarehe 14 Septemba 1982, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka arobaini na miwili, baada ya kuomba alazwe ubavuni mwa mume wake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Kitete waliomhudumia usiku na mchana katika uhaba huu wa dawa, tunawashukuru majirani walioleta kuni, maji na sukari ambayo tunajua imetoka kwenye mgawo wa watoto wao, walimu wa kisomo waliokaa naye kwa zamu, na Bibi Zamda, aliyemshonea sanda kwa mkono wake na hakuruhusu mtu amsaidie.

Shukrani ya mwisho ni kwa shemeji Mihayo. Jana alasiri nilimsomea historia hii kama mlivyoisikia, akasikiliza ameinamisha kichwa, na nilipofika siku ya ndoa, pale ninaposema hakuna mtu wa Kigwa aliyeonekana ndani ya kanisa, alinishika mkono. Akasema, "Ndani, kweli hakuonekana mtu. Tulikuwa nje." Akatueleza kwamba asubuhi ile baba yake alimwamsha, wakapanda treni, wakasimama chini ya dirisha la kanisa, mzee kofia mkononi, mpaka padri alipomuuliza Eustadia na Eustadia akajibu kwamba anakubali. Mzee akamwambia, "Umesikia? Ameulizwa vizuri, amejibu mwenyewe, na hakuna kitu mkononi mwake." Kisha wakarudi stesheni, na mzee akamfunga mdomo, kwa aibu ya kumrudisha mshenga mara mbili, na Mihayo akaitunza siri ya baba yake hata baba alipokufa, mpaka jana.

Asubuhi ya leo mjomba wetu, ambaye sasa anatembea na fimbo mbili, alikwenda Kigwa kwa mara ya tatu, safari hii kwa kuvuka barabara tu, maana Kigwa yote ilikuwa imekaa ndani ya lori lile, akagonga bodi, akasema hodi, akaulizwa ukoo wake, akautaja, akatoa jembe na blanketi. Mihayo alipokea kwa mikono miwili, akasema, "Imeliwa." Kisha akaomba rangi nyeupe.

Kile kilichosimama kichwani mwa kaburi, kimefunikwa kanga iliyofifia, ndicho ubao wa Kigwa, ambao Mihayo alikuja nao kwenye lori akidhani atausimika kule kwao. Kanga mnaijua sasa, marehemu aliitunza miaka yote. Tekla, mwanangu, iondoe. Mliosomeshwa naye, someni kwa sauti kile alichoandika kaka yake kwenye upande mweusi, Eustadia Shilinde Ngollo.

Shemeji, uliniuliza nimekuletea nini, na sikuwa na jibu. Leo ninalo. Baba yako alikuja, alisimama dirishani, na alikusikia. Hiki naomba usikikatae. Pumzika kwa amani, mke wetu.