Mama Pataka na Faili la Dereva

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Mama Pataka anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika chumba namba saba, kati ya stoo ya mashuka na choo cha wafanyakazi. Humo mna viti viwili, kioo, saa ya kuhesabia sekunde na boksi la vijiti vya kukandamizia ulimi. Kwa vifaa hivyo alipima usemi wa watu wazima waliopata kiharusi na maradhi mengine ya ubongo, akatuambia kimeharibika nini, na wapi.

Jina lake la utani lilizaliwa mlangoni. Kila apitaye humsikia mtu mzima na heshima zake akisema pa-ta-ka, pa-ta-ka, mbio mbio. Midomo, ncha ya ulimi, shina la ulimi: kila silabi hukagua mahali pake. Mkaguzi mmoja aliandika kwenye ripoti kwamba hospitali yetu ina chekechea.

Kanuni yake ilikuwa moja: hakumaliza kumpima mgonjwa kabla ya kumsikia akibishana na mtu wa nyumbani, kwani mbele ya koti jeupe kila mtu hujikaza. Fundi cherehani mmoja alishindwa siku nne kutaja hata jina lake. Mkewe alipoingia na kulalamika kwamba mumewe hajawahi kumshonea suruali mtu ikamtosha, mzee akafoka waziwazi: "Wewe na mama yako!" Mke alilia kwa furaha. Mama Pataka akaandika kwamba misuli ni mizima; maneno ya mazoea yanatoka yenyewe, ila ya kukusudia yanapotea njiani.

Mimi nilikuwa daktari mkuu wa wodi, na kwangu wagonjwa wote walikuwa na "usemi mzito". Alinirudishia mafaili yangu na kikaratasi: "Mzito kilo ngapi, daktari?"

Sasa niseme nililolificha miaka kumi na tisa, maana siku zangu zinahesabika.

Mwajiri mmoja alituletea dereva wake wa lori akiyumba na kuburura maneno. Barua ya kumfukuza ilikuwa tayari mfukoni. Niliandika kwenye faili: "Amelewa. Akalale." Mama Pataka alimsikia koridoni akiuliza choo kiko wapi, akamvutia chumbani. Sauti ilipanda na kushuka bila sababu, silabi zikaachana kama mabehewa, pa-ta-ka ikakosa mwendo. Alimpima tena kesho yake, akakuta yaleyale. Pombe gani hiyo isiyoisha? Akaandika kwamba tatizo liko nyuma ya ubongo, panaposawazishwa mwendo. Picha ikaonyesha uvimbe. Dereva akapasuliwa, akapona, akapewa usimamizi wa gereji.

Mimi nilichana ukurasa wangu, nikanakili wa kwake kwa mkono wangu, nikatia sahihi. Nikapewa cheti, nikahutubia juu ya sikio la daktari. Yeye alikaa mstari wa mbele, akapiga makofi. Baadaye aliniambia tu kwamba kwa mara ya kwanza mwandiko wangu umesomeka.

Mwaka jana mke wangu alianza kusema ninanong'ona. Nikamjibu masikio yake yamezeeka. Hatimaye nilikwenda namba saba, baada ya kufanya mazoezi ya pa-ta-ka bafuni wiki nzima nisiumbuke. Mama Pataka aliniacha nijigambe hadi mwisho, kisha akamwita mke wangu. Dakika moja ya ubishi, na sauti yangu ikazama kama sabuni kwenye beseni. Aliandika ukurasa mzima. Neno "mzito" halikuwemo. Akaniambia bila kunizungusha kwamba ni maradhi ya ubongo na sauti itazidi kupungua, hivyo lenye kusemwa nilitangulize, tena kama ninamwita mtu ng'ambo ya barabara.

Cheti nimekitoa ukutani, nimekuja nacho. Nimebandika jina lake juu ya langu.

Mshereheshaji atasoma hadi hapa. Maneno ya mwisho nitayasema mwenyewe, kwa pumzi aliyonifundisha. Wa nyuma wasiposikia, wanyooshe mkono, nitarudia.

Mama Pataka, dereva yule ulimwokoa wewe, si mimi. Asante, na tunakuombea siku nyingi za raha zisizo na faili la kurudisha.